Kwa mwamuzi mpya wa raga: pa kukaza na pa kulegeza

Wewe unayeanza kuchezesha raga ya ligi za chini au ya shule hapa Kenya utaambiwa na wengine kwamba sheria ni sheria, na wengine watakusihi uwaache watu wacheze. Baada ya misimu kadhaa ya kupuliza kipenga kwa malipo yasiyozidi nauli, nimeona ni afadhali kujiuliza, kila kosa linapotokea, limemdhuru nani.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nimezikariri sheria zote 21 na nilitaka kila mtu ajue hivyo. Mpira ukimponyoka mchezaji na kuangukia mbele, nilipuliza papo hapo, kabla sijatazama kama wapinzani wameuokota na njia iko wazi mbele yao. Nahodha mmoja alinijia kwa heshima akauliza: "Refa, wamekosea wao, mbona unatuadhibu sisi?" Sikuwa na jibu. Sheria ya 7 inakutaka usubiri uone kama timu isiyokosea itafaidika, ila faida hiyo iwe dhahiri na ya kweli, kwa kuwa nafasi tupu ya kufaidika haitoshi. Ni subira ya sekunde chache, na mimi ilinichukua karibu msimu mzima kuizoea.

Katika raki, yaani pale wachezaji wa pande zote mbili wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, tumia mdomo kabla ya kipenga. Mwambie mchezaji namba 7 arudi nyuma ya mguu wa mwisho wa wenzake walio kwenye raki, na akirudia baada ya onyo, toa penalti. Jambo hili lianze dakika za mwanzo kabisa, kwa timu zote mbili, kwa sababu ukiruhusu kuotea hadi mapumziko kisha ukaze kipindi cha pili, yeyote utakayemwadhibu ataona ameonewa, na hatakuwa amekosea.

Panapohusu shingo na kichwa, usilegeze hata kidogo. Anayemkaba mwenzake juu ya mabega aadhibiwe hata kama ameomba radhi, na skramu, yaani mafowadi wa timu mbili walioshikana ili kusukumana na kugombea mpira, isiingiane kabla hujaridhika na kuinama na kushikana, utaratibu uliowekwa mwaka 2013 ili kupunguza kishindo. Kwa walio chini ya miaka 19, kumbuka pia kwamba skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5. Mchezaji unayemshuku kuwa ametikisika ubongo atoke na asirudi siku hiyo, kwani uchunguzi wa kumruhusu arudi ni wa mechi za ngazi ya juu zenye madaktari waliofunzwa kazi hiyo. Kocha atakuambia kijana yuko sawa, ana kizunguzungu tu, kana kwamba kizunguzungu si dalili yenyewe.

Katika mechi moja ya shule, propu, mmoja wa wachezaji wa mstari wa mbele wa skramu, aliumia na kocha akataka kumwingiza mchezaji wa nyuma ambaye hakuwahi kufunzwa kucheza mstari wa mbele. Nilikataa, nikaamuru skramu zisizo na kusukumana hadi mwisho. Wapinzani, waliokuwa na skramu nzito kuliko zote nilizoziona mwaka huo, walinung'unika, na kusema kweli walikuwa na haki ya kunung'unika, kwa maana silaha yao ilikuwa imezimwa kwa upungufu usio wao. Siku hizi, kabla ya mechi kuanza, huwauliza makocha wote wawili mbele ya manahodha ni nani na nani kwenye akiba wamefunzwa kucheza mstari wa mbele, na huandika majibu yao.