Kabla hujalipa Mustang, mwaga maji kwanza

Jumamosi iliyopita Mustang yangu ya 1966, gari la Ford, imetoka gereji ikitembea kwa injini yake yenyewe. Nimeizungusha mitaa ya hapa Columbus, Ohio, vioo chini, mke wangu pembeni ameushikilia mlango kwa mkono wake wa kulia safari nzima. Huo mlango nitaueleza. Miaka minne ya matengenezo, ndugu zangu. Niliporusha picha, salamu zikamiminika, na ujumbe mmoja ndio ulionikalisha niandike: "Shikamoo kaka. Niko Texas, nimeona Camaro ya 1968, rangi inawaka, injini inanguruma vizuri. Niichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiichukue bado.

Mimi nilinunua rangi. Nikiwa mtoto Tanga, kwenye duka moja la spea palikuwa na kalenda yenye picha ya Mustang nyekundu. Mwaka uliisha, ikaja mingine, kalenda haikubanduliwa. Kwa hiyo nilipoikuta ya kwangu imeegeshwa kwenye nyasi, nyekundu ileile, nilikuwa nimeshainunua moyoni kabla sijazima gari nililokwenda nalo. Muuzaji, mzee mpole sana, akanikaribisha kahawa, akaiwasha. Sikulala chini kuchungulia. Sikufunua zulia. Nikahesabu dola 7,500, akiba ya miaka mitatu ya zamu za usiku.

Wiki ya pili ikanyesha. Asubuhi nafungua mlango, zulia la upande wa dereva limelowa chapachapa. Nikalinyanyua. Chini yake palikuwa pamepakwa lami nyeusi, nene, nadhifu. Nikaigusa kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini, na nilipoichomoa nikaiona sakafu ya gereji kupitia lile tundu. Niliketi pale chini muda mrefu. Mpaka leo, nikikumbuka ile kahawa, roho inaniuma.

Sababu yake ni hii. Mbele ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingizia hewa. Chini yake limefichwa sanduku la bati, na ndani yake zimesimama shingo za kupitishia hewa kuingia ndani ya gari. Majani hudondokea humo, hushika maji, bati linaoza mahali jicho halifiki. Likishatoboka, kila mvua inaishia miguuni mwa dereva, na sakafu inafuata. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula mabati ya nyumba. Huku Ohio chumvi inamwagwa barabarani kwa malori kila theluji ikianguka, kwa hiyo gari linaliwa juu na chini. Na Mustang haina chasi ya kujitegemea kama pikapu: bodi ndiyo chasi. Kutu ya sakafu ni kutu ya mifupa.

Wakati nasaka vipande ndipo nikaisoma namba ya kiwandani ya gari, siyo ile ya usajili, kwa mara ya kwanza. Ilianza na 6F07T. Sita ni mwaka 1966, F ni kiwanda cha Dearborn, 07 ni bodi ya paa gumu, na T ni injini ya silinda sita, inchi za ujazo 200. Mimi niliuziwa V8, yaani silinda nane, ya inchi 289 "ya kiwandani". Injini ilikuwa 289 kweli, ila iliingizwa baadaye, na magurudumu yamebaki ya nati nne, yale ya silinda sita, na breki zake ndogo. V8 ya kiwandani huwa na nati tano na herufi C, A au K. Ningehesabu nati tu, ningeujua ukweli kabla sijakimaliza kikombe.

Miezi ya kuchomelea siisimulii, inachosha. Nitasema kosa moja tu. Nilikata sakafu kabla ya kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango. Bodi ikalegea, mlango wa abiria ukagoma kukaa. Nimeurekebisha mara tatu, bado unataka kushikwa kwenye kona. Shemeji yangu aliuona siku moja akasema mbele ya wageni kwamba nyumba ya Tanga haijaezekwa na mimi nalea chuma chakavu. Nyumba imeezekwa, Mustang inatembea, lakini maneno yale hayajanitoka.

Sasa vijana wangu nisikilizeni. Wazee walisema nyumba njema si mlango. Injini isikutishe na isikutongoze: hizi zinafunguka, mafundi wapo. Kwa mwaka wa 1966 pekee Ford walitoa Mustang zaidi ya 600,000, ndiyo maana mpaka leo unapata sakafu mpya, mabawa mapya (mabati yanayofunika matairi), hata bodi nzima. Kinachokumaliza ni saa za kuchomelea. Kwa hiyo nunueni bodi. Tena narudia, bodi. Mwenye gari akikataa usifunue zulia, rudi nyumbani na hela zako. Anajua kilicho chini yake.

Na wewe wa Texas: Camaro ina fremu ndogo ya mbele iliyofungwa kwa bolti, lakini kuanzia ukuta unaotenga injini na abiria kurudi nyuma nayo ni bodi tupu. Kama paa limevikwa vinyl, ile ngozi ya plastiki, papasa kwa kidole pembezoni mwa kioo cha nyuma, ukisikia vivimbe ujue chini kunachemka. Beba sumaku iliyofungwa kitambaa, ipitishe chini ya milango na nyuma ya matairi. Isiponata, hapo ni puti, ule udongo wa kuzibia bati lililooza. Kisha mwombe mwenzako amwage maji taratibu kwenye matundu ya mbele ya kioo, wewe ukiwa ndani na tochi chini ya dashibodi. Maji yatoke nje, nyuma ya mabawa ya mbele. Nenda asubuhi, kabla jua halijakausha kitu. Halafu nitumie picha ya sakafu, zulia likiwa limeondolewa. Hizo za rangi nimeshaziona.