Kutokwa na damu puani baada ya mionzi ya kichwa na shingo: ni ukavu au ni ateri?

Swali: Baba ana miaka 61. Miaka sita iliyopita alipigwa mionzi mara 35 kwa saratani ya nyuma ya pua. Mwaka jana uvimbe ulirudi, akapigwa tena. Wiki hii damu imemtoka puani mara mbili, karibu kikombe kila mara, ikakata yenyewe. Zahanati wamesema pua imekauka, apake mafuta. Tusubiri kliniki ya mwezi ujao?

Jibu: Msisubiri. Mpelekeni leo kwenye hospitali yenye CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili), damu ya kuongezea na daktari wa pua na koo.

Ateri ya karotidi, inayopeleka damu kwenye ubongo, hupita pembeni kabisa mwa eneo lililochomwa, na dozi ya kawaida ya saratani hii ni kama grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi). Ukuta wa ateri hiyo hulishwa na vimishipa vyake vidogo. Mionzi huviziba, ukuta ukakosa lishe na kudhoofika. Mionzi ya mara ya pili, usaha au mfupa uliokufa chini ya fuvu huongeza hatari. Ukuta ukitoboka kidogo, damu iliyoganda huziba tundu. Ndiyo maana ilikata. Kizibo hicho kikiachia, baada ya saa au siku kadhaa, damu hutoka kwa kasi ya kuua.

Pua kavu hutoa matone, na hukata ukiibana dakika 10 hadi 15. Kikombe cha damu nyekundu kwa mtu aliyepigwa mionzi mara mbili kihesabiwe ni ateri mpaka picha ikatae.

Njiani akae ameinama mbele, abane sehemu laini ya pua na kutema damu, asiimeze. Akiwa ameshawekewa shashi puani, isitolewe na yeyote kabla timu haijajiandaa. Bebeni ripoti ya mionzi na dawa zake zote. Akitumia aspirini au warfarini, semeni mapema.

Hospitalini njia ya hewa hulindwa kwanza, damu huandaliwa, kisha CT ya mishipa. CT ikiwa safi na shaka ipo, ombeni angiografia ya katheta, yaani picha ya mishipa inayopigwa kwa mrija mwembamba ulioingizwa ndani ya mshipa, kwa sababu tundu dogo huweza kujificha. Tiba ni stenti yenye utando (kijibomba kinachowekwa ndani ya ateri kufunika tundu), au kuiziba ateri kwa koili (vinyaya vya kujikunja). Kabla ya kuziba, muda ukiruhusu, ateri hufungwa kwanza kwa muda kwa puto kuona kama mishipa ya upande wa pili inatosha kulisha ubongo. Isipotosha na ateri ikazibwa, mgonjwa huweza kupata kiharusi. Stenti nayo hudai dawa za kuzuia damu kuganda, na penye usaha huweza kuambukizwa. Upasuaji wa wazi kwenye shingo iliyochomwa ni mgumu: nyama zimegandana, kidonda hakifungi.

Ateri ikionekana nzima, bado aombe ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Mionzi huibana karotidi taratibu kwa miaka. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hata kwa dakika tano tu kisha yakaisha, arudishwe hospitali siku hiyohiyo.