Maswali ya kemia: jedwali halimezwi jamani

Assalaam alaykum. Wiki hii karibu wote mmeuliza jedwali la elementi, naona mitihani imekaribia. Wale wa "nitajie elementi 20 za mwanzo" sikujibuni, fungueni vitabu.

Potasiamu na sodiamu zote grupu wani (safu wima ya kwanza ya jedwali), kwanini potasiamu ndo kali zaidi kwenye maji? (Fomu foo, Wete)

Mmemezeshwa "ukishuka grupu ukali unazidi" mkaishia hapohapo. Hebu tazama, potasiamu ina protoni 19 na sodiamu 11, kwa hesabu ya haraka potasiamu ndo ingeshika elektroni zake vizuri zaidi, lakini elektroni yake ya nje ipo sheli (tabaka) ya nne, mbali na kiini chenye protoni, na katikati zimejaa nyengine 18 zinazoikinga, ni kama umeswali safu ya mwisho, sauti ya imamu inakufikia kwa mbaali. Kuing'oa ile ya sodiamu kunataka kilojuli 496 kwa moli, ya potasiamu 419 tu. Ndo mana inaachia upesi, joto linakuwa kubwa mpaka hidrojeni inayotoka inashika moto palepale. Na nyie mnaochomoa vipande maabara mkachezee nyumbani, metali hizi zinawekwa ndani ya mafuta kwa sababu, macho hayauzwi Darajani.

Atomu ipi kubwa, sodiamu au klorini?

Sodiamu. Nishalijibu hili mpaka nimechoka. Sheli ni ileile ya tatu, protoni ndo zinaongezeka kutoka 11 hadi 17, kwa hivo elektroni zinavutwa ndani. Na usinambie klorini nzito kwa hivo kubwa, uzito mbali ukubwa mbali.

Mwalimu kasema ayonaizesheni eneji (nguvu ya kung'oa elektroni ya nje) inapanda ukienda kulia kwenye jedwali, mbona nitrojeni imeizidi oksijeni? Nani muongo?

Hakuna muongo, kuna mvivu. Inapanda kwa jumla, lakini njiani ina mabonde. Nitrojeni kilojuli 1402 kwa moli, oksijeni 1314. Elektroni tatu za p (sehemu ya sheli) za nitrojeni kila moja ina obito yake, yaani chumba chake, ya nne ya oksijeni inalazimika kuingia kwenye obito yenye mwenziwe, zote hasi, zinasukumana, basi kumtoa mmoja inakuwa rahisi. Kutoka beriliamu (900) kwenda boroni (801) pia inashuka ila sababu nyengine, boroni inaanza sehemu ya 2p ambayo kwa nishati ipo juu kidogo ya ile ya 2s, inang'oka rahisi. Sasa nyie wa tuisheni mnaouza zile karatasi za mishale, mshale huu juu mshale ule kulia, mtoto anazinunua anazikariri, akiulizwa "kwanini" anabaki kutoa macho. Mshale si jibu. Ukiandika mshale bila ya kutaja kiini, umbali na kinga, mie nakupa sifuri.

Hidrojeni ni metali? Mbona ipo juu ya lithiamu?

Si metali. Ipo pale kwa ile elektroni yake moja, basi.

Nimesikia iodini inatoka kwenye mwani, na kwanini telluri imekaa kabla yake na ni nzito zaidi? (Jambiani)

Ni kweli, Courtois wa Ufaransa aliipata mwaka 1811 kwenye majivu ya mwani, alitia asidi ukatoka mvuke wa zambarau. Hilo la pili ndo swali la maana wiki nzima. Uzito wa atomu wa telluri ni 127.6, wa iodini 126.9, na Mendeleev, Mrusi aliyetoa jedwali lake mwaka 1869 akipanga kwa uzito, alizigeuza makusudi kwa sababu iodini kwa tabia ni ndugu wa klorini na bromini, akadhani uzito wa telluri umepimwa vibaya. Uzito ulipimwa sahihi, ila kupanga kwa uzito ndo siko. Moseley, mwanafizikia wa Uingereza, mwaka 1913 kwa eksirei akaonesha kinachohesabika ni protoni, telluri 52 kisha iodini 53. Na kwa vile umeitaja iodini, nunua chumvi yenye madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na unyevu na jua, zile za kupimiwa kwa kopo zisizojulikana zimetoka wapi mnajitafutia rovu wenyewe.

Klorini ya jiki ndo hiihii ya grupu la saba?

Hiihii, ila kwenye jiki imeungana na sodiamu na oksijeni. Usichanganye na ile asidi ya kuoshea choo hata siku moja, gesi ya klorini inatoka papo hapo na vyoo vyetu havina madirisha. Ikitokea toka nje kwanza, ndoo utairudia baadae.