Wete shwari, Nungwi je?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Nina kichanga cha miezi mitatu, na Alkhamisi nina safari ya boti kutoka Mkoani kwenda harusini Unguja. Redioni wametoa angalizo: upepo kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2, Unguja na Pemba. Nikitizama bandarini maji yamelala kama ya kisimani. Mume wangu asema watu wa hali ya hewa wanatutia hofu tu, hata baridi waliyoitangaza hatujaiona. Nende nisende?
Mama Kichanga, Wete

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Baridi waachie watu wa Makete na Njombe, huko majani huamka na sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Utabiri wa kipupwe husomwa wa nchi nzima, kila mkoa ukachukua fungu lake. Letu ni kusi, upepo wa msimu huu.

Sasa hayo maji ya Wete. Kusi latoka kusini na kusini mashariki. Wete iko magharibi. Kisiwa kizima kimekukingia upepo, na mbele yako kuna Fundo na vijisiwa vyenzake. Bahari ya kuiogopa ni ile ya baina ya Mkoani na Rasi ya Nungwi, kiasi cha kilomita 50, hakuna wa kukukinga. Niliwahi kuondoka Wete na jahazi la ndizi, mwezi wa Julai, maji kama hayo hayo yako. Tukapiga bisho, upepo usoni, mchana kutwa; foromali, ule mti wa tanga, ikavunjika, na Nungwi hata hatujaiona. Kurudi kulikuwa kwepesi, kusi lilitusukuma lenyewe. Ndizi tulizitosa.

Na hizo mita 2 usidhani ndilo wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa. Moja moja hukaribia mara mbili yake.

Lakini angalizo ni ngazi ya chini. Juu yake kuna tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Sikiliza tena Jumatano usiku. Likibaki angalizo na boti ikaondoka, nenda: kaa chini, katikati ya chombo, si mbele, na uulize jaketi la mtoto kabla hujapanda. Ikipandishwa kuwa tahadhari, bakia nyumbani. Boti kubwa ikizuiwa, asije mtu akakwambia kuna faiba, kile kiboti kidogo, inavuka. MV Skagit ilikuwa meli, na bado ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, hapo Unguja, tarehe 18 Julai 2012, msimu huu huu wa kusi.

Mumeo naye mwambie apande daladala mpaka Mkoani, awaulize wanaoshuka kutoka Unguja wametapika mara ngapi.