Bomba lenye meno matatu: nilivyotoa boya la tenki la Mini bila nyundo

Mshale ulionyesha nusu tenki. Gari likazima kwenye mpando wa kwenda Isyonje, njia ya Tukuyu, saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshafunga barabara. Mama mdogo alikuwa kiti cha mbele, kajifunika khanga mbili, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si ulisema mafuta yapo?" Nilisema kweli, kwa sababu geji ndiyo iliyoniambia. Kijana wa bodaboda akatuletea lita tano kutoka Uyole. Usiku ule nikaapa kwamba lile boya, yaani kipimo kinachoelea tenkini na kuiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani, litatoka kwa namna yoyote ile.

Hilo "kwa namna yoyote ile" nusura linigharimu gari na watu, ndiyo maana naandika.

Gari lenyewe ni Mini, kale kagari kadogo ka Kiingereza, ya miaka ya 1970, niliachiwa na baba mdogo. Wenye Mini mnajua lilivyobanana: tenki limo ndani ya buti, upande wa kushoto, na betri nayo imo humo humo, chini sakafuni. Petroli na umeme wanalala chumba kimoja. Boya limeingizwa ubavuni mwa tenki na kushikwa na ringi ya chuma yenye masikio. Ringi hiyo haina nati wala skrubu. Unaizungusha kidogo kinyume cha saa, masikio yanatoka chini ya ndimi za tenki, inaachia. Ikiwa mpya ni kazi ya dakika moja. Ikishakaa miaka arobaini na kutu yake, haisikii.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakusita. "Mzee, hii ni tindo na nyundo tu." Nikamruhusu. Pigo la pili likapinda sikio moja la ringi. La tatu likatoa cheche, ndogo, nyekundu, karibu kabisa na tenki. Nikamshika mkono, nikamwambia basi.

Hapa naomba tuelewane, maana huku kwetu nimesikia mara nyingi mtu akisema baridi inasaidia, kwamba Mbeya ya mwezi wa sita petroli haina haraka ya kuwaka. Si kweli. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na asubuhi zetu za Juni, pamoja na ukali wake wote, hazikaribii huko. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauruki ukaenda zake. Unashuka na kutulia sakafuni mwa buti, palepale ilipo betri. Tena mvuke huo ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya mchanganyiko wake na hewa, unatosha kulipuka. Ndiyo sababu tenki lililokwisha mafuta linatisha kuliko lililojaa: ndani yake kuna hewa na mvuke tu. Usikubali mtu alichomelee tenki eti kwa kuwa ni tupu.

Kifaa changu kilianza na karatasi. Niliibana juu ya ringi, nikasugua kwa penseli mpaka alama za masikio zikatokea zote, pamoja na lile lililopinda. Wazo la kwanza lilikuwa bamba bapa lenye meno, lakini katikati ya boya kuna ncha za nyaya zinazojitokeza nje, bamba lingezikandamiza. Hivyo lazima kiwe bomba, kitu chenye uwazi katikati. Nikaenda na karatasi yangu kwa wauza vyuma chakavu Mwanjelwa, nikalinganisha vipande vya bomba la maji kimoja baada ya kingine hadi nikapata ambacho mdomo wake unakaa sawasawa juu ya duara la ringi. Nikakata urefu wa sentimita 12 hivi. Mdomo wa upande mmoja nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikabakiza meno matatu, nikayamalizia kwa tupa. Kwenye tupa usiwe na haraka. Jino likiwa jembamba litapinda, likiwa nene halitaingia kati ya masikio, na likilegea kidogo tu litateleza na kula sikio. Nilitumia jioni mbili kwa meno matatu na sijutii hata dakika moja.

Upande wa pili alinisaidia mzee mmoja anayechomelea mageti. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuuliza: "Gari liko wapi?" Nikamwambia liko nyumbani. Akasema, "Libaki hukohuko." Akanichomelea nondo ikakatiza bomba kama mpini wa T, nikarudi na kifaa kilichopoa.

Siku ya kufungua nilisukuma gari hadi uwanjani, mbali na jiko la mkaa. Nilitoa betri yote, si kufungua waya mmoja tu. Nikatoa na tairi la akiba nipate nafasi. Mafuta niliyavuta kwa pampu ya mkono hadi kwenye madumu yenye vifuniko. Tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo tuiache, petroli ikiingia mapafuni ni hatari. Kwa kuwa boya liko ubavuni, usipopunguza mafuta yatakumwagikia magotini. Dawa ya kulegeza kutu nilikuwa nimeipaka tangu jana yake. Nikaweka meno, nikaegemeza bomba kwa uzito wa mwili, nikavuta mpini taratibu. Ikagoma. Nikairudisha kidogo upande wa kufunga, nikavuta tena. Safari ya nne ikalia kidogo, ikaachia.

Jambo moja nililifanya kabla ya yote hayo, nawe usiliruke: hakikisha kosa liko kwenye boya. Tenki likiwa bado limefungwa na hakuna harufu ya petroli, chomoa waya wa geji kwenye boya, washa swichi. Mshale ulale chini. Gusisha waya huo kwenye chuma cha bodi ya gari kwa muda mfupi. Mshale unatakiwa kupanda pole pole kuelekea juu. Mshale ukifanya hivyo, geji yako ni nzima. Boya likishatoka, lipime kwa mita ya umeme huku unainua mkono wake: la kwangu lilitakiwa kwenda kutoka omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 hivi likiwa chini hadi 20 au 30 likiwa juu, bila kuruka. Liliganda katikati, waya wake mwembamba umeliwa na kutu. Nikaweka jipya.

Kuhusu mpira wa kuziba, usikate wa tyubu. Niliwahi kukatiwa wa tyubu kwenye gari lingine. Ukavimba kwa petroli, na buti likanuka kwa majuma. Silikoni ya kawaida nayo hulainika. Tafuta oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, inayohimili petroli.

Tenki langu ni la lita 25. Nililijaza lita tano tano, kila safari nikiweka alama ya penseli kwenye utepe niliobandika chini ya geji. Jumamosi iliyofuata nilimrudisha mama mdogo Tukuyu. Tulipofika Isyonje akainama, akautazama mshale, kisha akanigeukia. "Hizo ni lita ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akajifunika khanga yake vizuri, tukaendelea.