Programu za kiwandani zisizofutika: ondoa masasisho kwanza, amri baadaye

Mkuu, umeuliza kwa nini simu yako ya GB 32 inalalamika haina nafasi, wakati kivinjari, duka la programu, programu ya muziki na Facebook zilizokuja nayo hazina kitufe cha "Ondoa". Umeuliza pia kama ni lazima kuruti, yaani kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu. Kuruti si lazima. Ila kabla hujanakili amri yoyote, elewa kwanza nini kinaweza kurudi na nini hakirudi.

Programu za kiwandani zimehifadhiwa kwenye sehemu ya mfumo, ambayo simu inaisoma tu, haiiandiki. Hata "ukiiondoa" programu hiyo kwa kompyuta, faili lake la asili linabaki palepale. Mfumo unaandika tu kwamba kwa mtumiaji namba 0, yaani wewe, programu hii haipo. Haionekani tena, haiamki yenyewe, haili bando wala RAM. Nafasi ya faili la asili hairudi, kwa sababu haikuwa kwenye fungu lako tangu mwanzo. Kinachoweza kurudi ni data ya programu na masasisho yake. Masasisho ndiyo mzigo wenyewe: simu inaposasisha programu ya kiwandani, toleo jipya linawekwa kwenye hifadhi yako, na la zamani linabaki kwenye mfumo. Una nakala mbili za kitu ambacho hukukiomba.

Sasa tazama amri inayonakiliwa kila mahali (adb ni zana ya Google ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta):

adb shell pm uninstall -k --user 0 jina.la.programu

Kwa mtu anayetafuta nafasi, ina kasoro mbili. Hiyo -k inauambia mfumo utunze data, kwa hiyo data haifutiki. Pili, ukitaja --user 0 kwa programu ya mfumo, lile faili la masasisho haliguswi. Ikoni inapotea, unafurahi, ukirudi kuangalia hifadhi hakuna kilichobadilika.

Kwa hiyo anzia ndani ya simu. Mipangilio, Programu, fungua programu husika, bonyeza vidoti vitatu juu, chagua "Ondoa masasisho". Kisha ingia Hifadhi, futa data. Kama kitufe cha "Zima" kinafanya kazi, kibonyeze na uishie hapo. Programu iliyozimwa haifanyi kazi hata kidogo, na kuiwasha tena ni kugusa mara moja. Kompyuta ni kwa zile ambazo kitufe kimefifia. Mara nyingi kinafifia kwa sababu programu imesainiwa kwa ufunguo uleule wa mfumo, na Mipangilio inaichukulia kuwa sehemu ya mfumo hata kama ni ya matangazo tu.

Kwa hizo, pakua platform-tools ya Google, folda yenye adb, kwenye kompyuta na uifungue kwenye folda. Kwenye simu nenda Kuhusu simu, gonga nambari ya muundo mara 7 (kwa Xiaomi unagonga toleo la mfumo wao), kisha kwenye chaguo za wasanidi programu washa utatuzi wa USB. Chomeka waya, fungua dirisha la amri ndani ya folda ile, andika:

adb devices

Likija neno unauthorized, tazama kioo cha simu: kuna ujumbe unasubiri ukubali. Orodha ikiwa tupu, shuku waya kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu, hazipitishi data. Kwenye Windows shuku pia draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua simu.

Jina la ndani la programu halifanani na lile la kwenye ikoni, kwa hiyo litafute kwa kipande:

adb shell pm list packages transsion

Hiyo inafaa kwa Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion. Kivinjari cha Phoenix ni com.transsion.phoenix, Palm Store ni com.transsnet.store, Boomplay ni com.afmobi.boomplayer. Palm Store iondoe kabla ya zingine, maana duka likibaki linaweza kukuletea programu nyingine. Kwa Facebook usidanganywe na ikoni moja: kwenye simu nyingi kuna com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system, hazina ikoni, na kazi yake ni kuisakinisha na kuisasisha Facebook hata kama huna akaunti. Hili la kukuwekea kisakinishi kilichojificha ndani ya simu uliyoilipia kwa jasho lako halikubaliki. Januari 2020 Privacy International, shirika la kutetea faragha, na mashirika mengine zaidi ya 50 waliiandikia Google barua ya wazi kuhusu jambo hilihili.

Amri ya kuondoa, bila -k:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager

Ya kurudisha, ihifadhi mahali kabla hujaanza:

adb shell cmd package install-existing com.facebook.appmanager

Ukipata "not installed for 0", umekosea herufi au ilishaondoka. Ukipata DELETE_FAILED_INTERNAL_ERROR, mara nyingi umesahau --user 0. Ondoa moja, zima na kuwasha simu, jaribu kupiga, kutuma SMS na kufungua kamera, ndipo uende ya pili. Anayefuta 40 kwa mkupuo hajui ipi imemharibia.

Zisizoguswa: com.android.stk. Watu wanaiona kama takataka, kumbe ndiyo menyu ya laini. Kwa mtumiaji wa Safaricom, menyu ya M-PESA iliyo kwenye laini inapotea nayo. Usiguse pia com.android.phone, com.android.providers.telephony, com.android.systemui, com.google.android.gms wala com.google.android.webview, hiyo ya mwisho ikiondoka, programu nyingi za benki hufunguka na kujifunga. Kibodi na skrini ya mwanzo usiziondoe kabla hujaweka mbadala na kuufanya chaguo-msingi. Kwa Xiaomi, com.miui.securitycenter iache kabisa, simu inaweza kubaki inazunguka kwenye nembo bila kuwaka. Ikifika hapo, dawa ni kurejesha hali ya kiwandani kupitia recovery, ile menyu ya dharura inayofunguka kabla mfumo haujawaka: programu zote zinarudi, ila picha na meseji zimekwenda, na simu itadai akaunti ya Google iliyokuwepo. Kwa hiyo fanya nakala mapema na hakikisha unalikumbuka nenosiri la akaunti hiyo.

Huna kompyuta? Kwa Android 11 kwenda juu, inatosha kuwa na Shizuku (inayozipa programu nyingine uwezo wa adb ndani ya simu) pamoja na Canta (inayotumia uwezo huo kuondoa programu). Shizuku inatumia utatuzi usiotumia waya, hivyo simu lazima iunganishwe na Wi-Fi. Hotspot ya simu nyingine inatosha hata kama haina bando, ilimradi umeshazipakua programu zenyewe. Ukizima simu Shizuku inasimama, lakini ulichokwisha kuondoa hakirudi.

Masasisho makubwa ya mfumo yanaweza kurudisha baadhi, basi tunza orodha yako kwenye faili uirudie.

Kama simu ni ya mkopo, ile programu ya kufunga simu ina mamlaka ya msimamizi wa kifaa. Amri itajibu DELETE_FAILED_DEVICE_POLICY_MANAGER, na hakuna namna halali ya kuipita. Maliza deni, kisha mdai kampuni iliyokukopesha waifungue wenyewe. Zingine zisizohusiana na mkopo unaweza kuziondoa kama kawaida, mradi utatuzi wa USB haujafungwa. Ukikwama, weka hapa aina ya simu, toleo la Android na jibu kamili la amri kama lilivyo, herufi kwa herufi.