Krimu ya pilipili anayopaka mama kwa maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi inamwasha, aache?

Dada, asiache bado. Maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi ndiyo hasa yanayotibiwa na krimu hiyo. Kapsaisini, yaani ule ukali wa pilipili, huwasha kwanza, kisha huzichosha neva mpaka zipunguze kupeleka maumivu. Apake mara 3 au 4 kwa siku bila kuruka. Nafuu huchukua wiki kadhaa. Asipake penye kidonda, wala asioge maji moto kabla. Halafu mikono! Mimi nilimpaka babangu, nikanawa kwa maji matupu, nikapanda matatu ya Rongai, nikajifuta jicho. Nililia mpaka Bomas, makanga akadhani nimefiwa. Sabuni, dada, au glavu. Malengelenge yakitoka, aioshe krimu hiyo na amwone daktari.